Mikono Kabla ya Mdomo

Msibani kwa Mzee Ambakisye, kilichonifikia kwanza ni kiganja. Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, juu yetu turubai limebeba maji ya mvua na kila baada ya muda mtu analisukuma kwa mti yamwagike pembeni. Mzee alikuwa ameshazikwa jana yake. Basi letu liliharibika njiani nikachelewa, na kuchelewa huko kuliniuma kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ndiye mtu aliyenifundisha kazi. Watu walipita kwa mstari kutupa pole, na ukishapewa mikono thelathini huangalii tena sura. Ndipo kikaja kiganja kigumu na kikavu, ngozi yake nene kama ya kisigino, ina mipasuko midogo kwenye mikunjo ya vidole. Nilikitambua palepale. Nilijua nimeshika mkono wa mmoja kati ya mabinti wawili wa nyumba moja ya Lufingo, ila sikujua ni yupi. Nilipoinua uso, mstari ulikuwa umeshamsogeza mbele; niliona mgongo, kitenge cha bluu, na mtoto wa kike aliyeshika pindo la kitenge hicho. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa na swali moja kuhusu yule mdogo wao, kwamba meno yake yalibaki au hayakubaki, na sasa huenda jibu lilikuwa limenipita hivihivi nikiwa nimeinamisha kichwa.

Mwaka ninaousema nilikuwa mwanafunzi wa utabibu wa meno, mwaka wa mwisho, nimepelekwa Tukuyu kwa mafunzo ya vitendo. Habari za kwetu Lindi hazina kazi hapa, isipokuwa kwamba nilitoka kwenye joto nikaingia kwenye ukungu nikiwa na sweta moja. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, chumba cha kuta za mbao, na nguo zangu nilizianika juu ya jiko lake la kuni zikanuka moshi mwaka mzima. Kila siku tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, au na nyama ikiwa ni sikukuu, na mimi niliyekulia wali wa nazi nilizila mwezi wa kwanza kwa adabu, wa pili kwa mazoea, wa tatu nikawa naongeza sahani. Jioni mwenye nyumba na majirani zake walikaa jikoni wakiongea Kinyakyusa upande wa pili wa mbao, na ingawa sikujua lugha, niliweza kusikia zamu yangu ya kusemwa ikifika, kwa sababu katikati ya maneno yao lilijitokeza neno moja ninalolijua: glovu. Walinipa jina hilo tangu wiki ya kwanza. Nilidhani wananisifu usafi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na kiburi, na glovu ndizo zilizokuwa nembo yake. Chuoni nilikuwa nimeongoza darasa kwenye somo la magonjwa ya mwili yanayojionyesha mdomoni. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula, majina ya magonjwa kwa wino mwekundu na dalili kwa wa bluu. Mtu mwenye ulimi laini unaong'aa na pembe za midomo zilizochanika, mpime damu. Mwenye madoa meusi midomoni tangu utotoni, muulize tumbo. Yalikuwepo mengine mengi, yamebatizwa majina ya madaktari wa Ulaya ambayo kila mmoja wetu aliyatamka kivyake, na mengi kati ya hayo hata walimu wetu walikuwa hawajawahi kuyaona. Niliyajua kama wimbo. Tatizo la kujua kitu kama wimbo ni kwamba unakisubiri kianzie pale ulipozoea kuanza kuimba, na mimi nilizoea kuanzia mdomoni.

Chumba chetu cha meno kilikuwa na kiti kimoja kinachopandishwa kwa kukanyaga, beseni, dirisha lililotazama mlima siku ambazo mlima ulikubali kuonekana, na mlango ambao haukufunga vizuri, kwa hiyo waliokaa kwenye benchi la koridoni walisikia kila kitu. Mzee Ambakisye, msimamizi wangu, alikuwa mtu mnene wa polepole, mwenyeji wa Matwebe. Kila mgonjwa alipoingia, mzee alisimama mikono mitupu, akamsalimia kama anavyosalimiwa mtu barabarani: akina mama wanakunja magoti kidogo, watoto wanatoa mikono yote miwili, na yeye anaipokea yote miwili na kukaa nayo huku akiuliza ng'ombe wamelala vipi, na chai shambani ikoje. Baadaye kabisa ndipo aliponawa, akavaa glovu, akasema, "Haya, tuone." Niliona ni kupoteza muda. Mimi nilivaa glovu kabla sijaita jina, nikawa nasubiri nimeinua mikono kifuani kama nilivyofundishwa, na foleni yangu iliisha kabla ya yake. Nilijivunia hilo waziwazi, na yeye hakuwahi kunikataza.

Siku moja mzee akaitwa kikaoni Mbeya, nikabaki mwenyewe na muuguzi. Aliingia mama mmoja wa Lufingo, mtoto mdogo mgongoni na binti wa miaka minane mbele yake. Binti huyo, jina lake Tumpe, alikuja moja kwa moja kwangu, akakunja magoti na kuninyoshea mikono yote miwili.

"Usiniguse, nimeshavaa glovu," nikamwambia. "Kaa pale."

Akairudisha mikono yake, akaifuta kwenye gauni kama vile tatizo lilikuwa uchafu, akapanda kitini. Mdomoni mwake fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, usaha unatoka ukizibonyeza, na karibu kila jino lilicheza. Mama yake akaeleza kwa Kiswahili cha kwao, taratibu. "Daktali, huyu meno ya kwanza yalidondoka yote akiwa na miaka minne. Sasa haya ya pili nayo yanacheza. Hali chakula kigumu."

Nikang'oa mawili ambayo hayakuhitaji hata nguvu. Ugaga, ule uchafu unaoganda kwenye meno, ulikuwa kidogo mno, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini nilikuwa nimeshaamua. "Mama," nikasema, na nilisema kwa sauti ya mwalimu, "huyu mtoto hapigi mswaki. Meno hayalegei bure. Huu ni uchafu."

"Anapiga, daktali. Asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe nasimama pale."

"Mama, mimi naona mdomo, sisikilizi hadithi."

Kwenye benchi mtu alicheka kidogo. Mama Tumpe alimpangusa binti yake damu, akasema, "Ndaga, daktali," yaani ahsante, akatoka. Yule wa mgongoni sikumtazama. Kwenye rejista nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri: usafi duni wa kinywa.

Mzee aliporudi alipitia rejista, kikombe cha chai mkononi, akasimamisha kidole kwenye mstari ule. "Huyu wa miaka minane. Ugaga ulikuwaje?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo, na meno yote yanacheza." Akanywa chai. "Mikono yake ikoje?"

"Alikuja kwa ajili ya meno."

"Nimesikia. Mikono yake ikoje?"

"Sikumshika."

"Hakukusalimia?"

"Alinipa mikono," nikasema, na hapo nikaanza kusikia baridi ambayo haikutoka dirishani. "Nilikuwa nimeshavaa glovu."

Akaweka kikombe chini. "Lete lile daftari lako, mwanangu."

Nililifungua ukurasa wenyewe bila kutafuta. Ugonjwa ulikuwa pale, wenye majina ya madaktari wawili wa Kifaransa, na chini yake kwa wino wa bluu: ngozi nene viganjani na nyayoni tangu utotoni, fizi kuvimba mapema, meno ya utoto kudondoka, na ya ukubwani kuyafuata. Swali lake kwenye mtihani nililipata lote. Mzee aliusoma ukurasa ule mara mbili. "Mimi sijawahi kuuona," akasema. "Huenda siyo wenyewe. Lakini kama ndiyo, basi mtoto alikuletea jibu mikononi, na wewe ukamwambia akae pale." Hakupandisha sauti. Nililia chooni, na sioni haya kusema hivyo sasa, ila siku ile niliona haya. Niliporudi akaniuliza kama yule mama ana mtoto mwingine, nikasema yupo mmoja wa mgongoni. "Basi huyo ndiye mwenye haraka," akasema. Akanieleza kwamba kwa Tumpe tumechelewa sana, lakini kwa mdogo kuna nafasi: ving'olewe vijino vyote vya utoto vilivyougua kabla ya meno ya ukubwani kuchomoza, atumie dawa, asafishwe kila baada ya miezi michache, ili meno mapya yasikute ugonjwa umeyasubiri mlangoni. Haikuwa ahadi, ilikuwa nafasi tu. Na nafasi yenyewe ilimtaka mama yule amrudishe mtoto kwenye chumba ambacho mimi nilimdhalilishia.

Hakurudi. Tulisubiri wiki mbili, tukatuma salamu, hakuja. Jumamosi mzee akanipakia kwenye pikipiki yake, tukapanda kwenda Lufingo kwenye utelezi, mimi nimeng'ang'ania koti lake. Tuliwakuta jikoni, Mama Tumpe anamenya ndizi na wifi yake anapukuchua maharage. Mzee akasalimia, "Mugonile," wote wakaitikia. Tumpe alimpa mikono, ila aliponigeukia mimi akaificha nyuma ya mgongo. Nilimfundisha mimi. Mzee akaipokea ile aliyopewa, akaigeuza, akaniita kwa macho. Viganja vilikuwa vinene, vyekundu pembeni, vimepasuka. Nyayo vilevile. Akamwomba mama amshushe mdogo, Atupele, aliyekuwa bado hajafika miaka mitatu. Mtoto ambaye hajawahi kushika jembe alikuwa na viganja vya mzee wa shamba, na fizi zake za mbele zilikuwa zimeanza kuiva. Nyumba nzima ilikuwa imeshayaona hayo, ila nchi ile kila mtu ana mikono migumu, kwa hiyo walisema ni ngozi ya baba yao. Ukutani, kwenye kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini, niliona miswaki miwili, nywele zake zimelala na kukatika hadi karibu na kitako. Mswaki hauchakai hivyo kwa kukaa.

Nikaomba radhi palepale. Nilipiga magoti vizuri kuliko nilivyowahi kupiga. Mama Tumpe aliendelea kumenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu, halafu akaongea Kinyakyusa kwa muda mrefu bila kunitazama, na mzee akanitafsiria bila kulainisha chochote. "Anasema wifi zake walikuwa wanamsema chinichini. Wewe ndiye uliyewapa sauti. Sasa kijiji kizima kinasema hata hospitali wamethibitisha, ni uchafu wa mama. Anasema ulimsemea mbele ya watu, na leo umekuja kumwomba radhi jikoni." Wifi wa maharage aliinamia ungo wake. "Anasema kesho ni Jumapili, watu watakuwepo."

Nilikuwa sijawahi kukanyaga uwanja wa kanisa. Nilijifunga ushungi wangu, nikasimama kando na mzee tukisikiliza nyimbo mpaka ibada ikaisha na watu wakamwagika nje kwa mnada wa sadaka za shambani. Wenyeji wanajua ulivyo: asiyekuwa na fedha huleta mazao, na mzee wa kanisa mwenye sauti huyanadi palepale majanini, kwa utani mwingi. Ulinadiwa mkungu wa ndizi. Kisha, kabla ya jogoo, yule mnadi akasema dada kutoka hospitali ana neno, nikasukumwa katikati, jogoo amefungwa miguu pembeni yangu. Sina kumbukumbu ya kuogopa mtihani wowote kama nilivyoogopa pale. Mama Tumpe alisimama nyuma, Atupele mgongoni, anatazama chini.

"Mimi ndiye niliyesema watoto wa mama huyu hawapigi mswaki," nikasema. "Haikuwa kweli. Nilisema kitu nisichokijua. Watoto wake wamezaliwa na ugonjwa wa ngozi na fizi, hautokani na uchafu, hautokani na mama. Miswaki yake nimeiona. Amewapigisha kuliko ninyi wote mlivyowapigisha wa kwenu." Hapo watu wakacheka, na jogoo naye akawika, wakacheka zaidi. Mzee akarudia maneno yangu kwa Kinyakyusa kwa ajili ya wazee, na alivyoyarefusha nadhani aliongeza ya kwake. Yule wifi alikuwepo, uso umemsawijika. Mama Tumpe hakuja kunishukuru, na wala hakuwa na sababu. Mnada ukaendelea.

Jumanne walikuja. Nilisimama mlangoni, glovu zikiwa bado kwenye boksi lake. Mama Tumpe aliitazama mikono yangu kwanza, ndipo akanipa wake. Tumpe naye akanipa yake, kwa haraka, na kuichukua kwa haraka. Atupele aliyekuwa analia hakutaka kumsalimia mtu, nikamshika nyayo. Tulimng'oa vijino kwa awamu, wiki hiyo na nyingine zilizofuata, mama ameshika kichwa chake na mimi nachoma ganzi huku najihisi muuaji. Kati ya jino na jino akaniuliza, "Unayatoa yote?"

"Yote, mama."

"Na ya ukubwani yakija, nayo yakicheza?"

Zamani ningejibu kitu. "Sijui," nikasema.

"Ndaga," akasema. "Afadhali hivyo."

Mwaka ukaisha, nikarudi chuoni kufanya mtihani, baadaye nikaajiriwa kwingine, na sasa mimi ndiye mkufunzi ninayewakuta wanafunzi na madaftari yao. Siku ya kwanza siwafundishi mdomo. Nawasimamisha wawili wawili wapeane mikono, wanacheka, wananiona mama wa kizamani. Mzee aliniandikia barua moja: Tumpe meno yote yameisha, amemtengenezea ya bandia, Atupele ya mbele yamechomoza, tunasubiri. Sikumjibu kwa wakati. Baadaye simu zikaja, namba yake nilikuwa nayo, tuliongea kila sikukuu, na kila mara nilikata simu bila kuuliza. Niliogopa. Ni aibu kuiandika, ila nilipendelea kubaki na "tunasubiri."

Mvua ilipungua, chakula kikaletwa, wali na ndizi na nyama, watu wakaanza kuongea kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa na sahani mkono mmoja na kikombe cha chai mkono mwingine yule wa kitenge cha bluu alipokuja kukaa karibu yangu. "Shikamoo mama. Mimi ni Atupele," akasema, akacheka kabla sijaitikia, maana alijua ninapotazama. Nilitazama bila haya. Meno ya mbele yalikuwepo, juu na chini, marefu kidogo, fizi zimerudi nyuma lakini zimetulia. Huko nyuma palikuwa na mapengo. "Magego yaliondoka," akasema. "Haya yamekataa. Mzee alinisafisha kila baada ya miezi mitatu, hata alipostaafu alinifuata nyumbani na vyombo vyake kwenye mkoba." Tumpe, akaniambia, ana duka la vitenge Kyela na meno ya bandia seti ya tatu, na mama yao miguu inamsumbua, hakuweza kuja. "Ila ameniagiza nikikuona nikuulize kama leo umevaa glovu." Nikacheka hadi machozi, na machozi yalipoanza hayakukaa kwenye kicheko. Nililia kwa ajili ya mzee, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Atupele alinisubiri nimalize, akiguguna nyama kwenye mfupa kwa meno yake ya mbele, taratibu, kama mtu anayejua thamani ya chombo. Kisha akamvuta mtoto aliyekuwa amejificha nyuma yake, wa miaka minne hivi. "Sikumleta umpime," akasema. "Nimeshampima mwenyewe, kila siku tangu azaliwe. Msalimie bibi."

Mtoto akakunja magoti, akaninyoshea mikono yote miwili. Niliweka sahani chini, nikaweka na kikombe, nikaipokea. Viganja vyake vilikuwa laini, vina mafuta ya wali, na sikuviachia haraka.